Njia tisa za kuivisha herufi kofia, Bukoba hadi Muleba: kutoka ya hovyo hadi ya maana

Tanzania nzima inawatania Wahaya kwa jina la Nshomile, na Wahaya wenyewe wanalipokea kama cheo. Sawa, hatubishi. Ila mchukue Nshomile yeyote, hata mwenye shahada tatu ukutani, mkalishe mbele ya kompyuta ya steshenari pale Bukoba mjini, umwambie aandike a yenye kijiti kichwani. Utapata dakika mbili nzima za Mhaya asiyesema kitu, jambo lililo adimu kuliko senene wa mwezi wa saba.

Kosa si lake. Kibodi zinazouzwa madukani kwetu ni za Kiingereza, na Kiswahili hakijawahi kuzilalamikia: herufi zake zote zimo, tena q na x zinabaki bila kazi. Kihaya kina madai zaidi, maana ni lugha ya toni. Mwaka 1977 Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walitoa kitabu kizima cha sarufi yake huko Los Angeles, na toni peke yake imewatoa wanaisimu jasho tangu hapo. Chukua neno kikombe. Katikati ya usemi, ekikómbe kya Kato, sauti inapanda, nao wanaiwekea kijiti. Likisimama peke yake, ekikômbe, sauti inapanda na kushuka papo hapo, na kijiti kinageuka kofia. Kikombe kilekile, kahawa ileile.

Basi orodha hii ni kwa ajili ya mwanafunzi wa isimu, mwalimu mstaafu wa Kamachumu anayekusanya methali za ukoo wake, katekista mwenye bidii, na dada wa steshenari ambaye wote hao humwangukia yeye saa kumi na moja jioni, anapotaka kufunga. Tunahesabu kushuka.

9. Peni

Unachapa bila alama, unaprinti, unakaa chini na peni nyeusi na kuchora vijiti kimoja kimoja. Wazee wa taipureta walifanya hivyo na dunia haikuisha. Peni haigandi, haidai nywila, na umeme ukikatika unasogea tu dirishani. Kasoro yake inaonekana kwenye ukurasa wa mia na arobaini, pale mkono unapochoka na irabu zote zinaanza kupewa kijiti kwa haki sawa. Kisha msimamizi wa tasnifu anapiga simu kutoka Dar es Salaam: amependa kazi, anaomba umtumie kwa barua pepe.

8. Kukopi na kupesti

Unaitafuta á mtandaoni, unaikopi, unaipesti. Inakuja na mizigo yake yote: fonti yake, ukubwa wake, na mara nyingine kivuli cha kijivu nyuma yake. Ukurasa uliojaa herufi za kuokota unafanana na daladala ya Kemondo, kila abiria katoka kwake na hakuna aliyevaa sare.

7. Menyu ya alama ndani ya Word

Unafungua menyu, unachagua alama, unashuka kwenye bahari ya herufi ukipita Kigiriki na Kirusi, unaipata, unaibofya, unafunga. Herufi moja. Methali moja ya Kihaya inaweza kutaka safari sita za namna hiyo, na mwalimu wa Kamachumu ana daftari zima.

Wajanja wanajua kwamba Word ina njia ya mkato: shika Ctrl, bonyeza apostrofi, achia, kisha a, na á inatokea. Kwa kofia ni Ctrl pamoja na Shift na tarakimu 6, kisha herufi yako. Ni nzuri kweli. Ila haiishi katika kila programu. Ukihamia Excel kuandaa orodha ya maneno, imekaa kimya kama mdaiwa aliyeona namba yako.

6. Alt na tarakimu

Hapa ndipo penye mashujaa. Shika Alt, gonga 0225 kwenye tarakimu za upande wa kulia, achia, unapata á. Zilizobaki ni 0233 kwa é, 0237 kwa í, 0243 kwa ó na 0250 kwa ú. Kofia ni namba inayofuata kila mara: 0226, 0234, 0238, 0244, 0251. Mtu aliyezikariri zote kumi anastahili heshima, na pia anastahili kuulizwa kama nyumbani wanamwona.

Shida ya kwanza: laptopu nyingi ndogo hazina tarakimu za kulia. Zile za juu hazikubali kazi hiyo, ugonge mpaka kucha iishe. Shida ya pili ni ile sifuri ya mbele. Isahau, gonga 225 peke yake, na Windows nyingi zenye mpangilio wa Kiingereza zitakuletea ß, herufi ya Kijerumani halisi. Emin Pasha alifungua kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Waingereza wakavuka ziwa Juni 1915 wakaupiga mji, na mwaka uliofuata Wajerumani wakaondoka kabisa. Zaidi ya karne imepita, na bado sifuri moja tu inatosha kuwarudisha mjini.

5. Kibodi ya Marekani ya kimataifa

Hii ndiyo anayokupendekezea kijana yeyote wa TEHAMA, huku akitazama saa. Imo tayari ndani ya Windows, haina gharama, unaichagua kwenye mipangilio na apostrofi inageuka kitufe mfu. Jina hilo limetoka kwenye taipureta: kitufe mfu kilipiga alama bila kusogeza karatasi, ili herufi inayofuata iangukie chini ya alama hiyo. Kwenye kompyuta ni vilevile. Bonyeza apostrofi, hakuna kinachotokea; bonyeza a, inatoka á. Mfaransa anafurahi.

Sasa andika ng'ombe.

Umepata ngómbe. Ng'ambo imekuwa ngámbo, na kung'oa jino kumekuwa kungóa, jambo linalosikika kama linauma zaidi. Kila apostrofi inayofuatwa na irabu inamezwa, na Kiswahili chetu kinaipenda ng' kuliko maelezo. Kihaya ndicho kinachoumia hasa, kwa sababu chenyewe hupachika apostrofi pale neno linapopoteza irabu mbele ya neno jingine. Enju y'omukama inageuka enju yómukama. Nyumba ya mfalme imebaki, ila mlango wake umeibwa.

Subiri, haijaisha. Alama za kunukuu nazo ni kitufe mfu. Andika kwamba mzee alisema, fungua nukuu, kisha neno Acha, na karatasini inatokea Ächa. Wajerumani tena! Dawa yake ni kubonyeza nafasi baada ya kila apostrofi na kila nukuu. Mchapaji mwenye kasi akijaribu hivyo siku moja, jioni anaomba kazi ya kuuza muda wa maongezi.

Kibodi hii ilibuniwa kwa watu ambao apostrofi kwao ni mgeni wa mara mojamoja. Kwetu ni mwenye nyumba.

4. Simu

Kandamiza a bila kuachia, vijiti na kofia vinajipanga juu ya kidole chako, unachagua. Mtoto wa darasa la tatu Muleba anaijua. Kwa kutuma neno moja kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, huna haja ya zaidi, ingawa kwenye kikundi hicho atajitokeza shangazi wa kusahihisha alama zako kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Naye atakuwa sahihi kuliko wewe, kwa sababu sauti hubeba toni zote bure.

Jaribu kuandika kamusi kwa njia hii, halafu tuonyeshe kidole gumba.

3. Kuacha kabisa

Ndiyo, nafasi ya tatu, juu ya teknolojia zote hizo. Maandishi ya kawaida ya Kihaya hayaweki alama za toni, na watu wanaandikiana barua, wanatoleana mahari na kugombea mashamba ya migomba bila kijiti hata kimoja. Msomaji aliyezaliwa na lugha anajijazia. Mswahili naye akikuta paa juu ya ukurasa haulizi kama ni mnyama au bati, anaangalia mvua inanyesha wapi. Saida Karoli alipovuma na Maria Salome mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dar es Salaam ilicheza Kihaya usiku kucha, na hakuna aliyeomba kuona maandishi.

Kwa hiyo anayemtaka kila mwandishi wa Kihaya aweke toni kila mahali, waitu, apunguze. Kuna wakati alama ni vumbi tu machoni pa msomaji.

Ila kuna kazi ambazo kuacha ni kukimbia. Henry Muzale alipoiandaa kamusi ya Ruhaya, iliyotolewa mwaka 2006 na mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuwa anawaandikia shangazi peke yao. Kamusi inasomwa pia na yule asiyejua. Josephat Rugemalira naye ameishughulikia Runyambo ya Karagwe, jirani wa damu wa Kihaya. Kazi za namna hiyo, na mtoto wa Kihaya aliyekulia Mbagala akijua neno moja tu, nalo ni la kumsalimia bibi, vinahitaji kuona sauti inapanda wapi.

Na wapo wasio na anasa ya kuchagua. Kwa Wakikuyu ĩ na ũ ni irabu kamili. Ziondoe na umebadilisha neno, ndiyo maana magazeti yanaandika Ngugi lakini majalada ya vitabu vyake yanasema Ngũgĩ wa Thiong'o. Vuka mpaka wa Mutukula, tahajia ya Luganda ina ŋ yake yenye mkia. Waganda waliamua kuwa na herufi moja pale sisi tunapotumia tatu, na kibodi ya dukani haijui walifanya hivyo.

2. Skripti yako mwenyewe ya AutoHotkey

Sasa tumefika jikoni. AutoHotkey ni programu ya bure ya Windows, ipo tangu 2003, na toleo lake la pili lilitoka rasmi mwishoni mwa 2022. Kazi yake ni kusikiliza vidole vyako na kubadilisha ulichoandika kwa sheria ulizoipa. Sheria ni mstari mmoja katika faili la kawaida la Notepad:

:*?:ax::á

Maana yake: nikiandika ax, weka á. Nyota inasema usisubiri nafasi, na alama ya kuuliza inasema fanya hivyo hata katikati ya neno. Ongeza ex, ix, ox, ux, kisha aq, eq, iq, oq, uq kwa kofia. Mistari kumi. Ekikoqmbe inakuwa ekikômbe hapohapo, kwenye Word, Excel, barua pepe, popote ndani ya Windows. Apostrofi haijaguswa, na ng'ombe ana kichwa chake.

Kwa nini x na q? Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu mtu akisikia anaweza kuchagua mwenyewe, huchagua vibaya. Wa kwanza anasema irabu mbili: aa iwe á. Ndugu yangu, Kihaya huandika irabu ndefu kwa kurudia herufi, na Kiswahili kina saa, kaa na mbegu zote za aina hiyo. Wa pili anasema mkwaju: a/ iwe á. Inasikika vizuri mpaka siku ya fomu ya shule yenye Baba/Mama/Mlezi. Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mkwaju wowote baada yake unaliwa, na mzazi anajaza fomu ya BabáMamáMlezi, ukoo usiojulikana Kagera nzima.

Herufi ya kuchagua ni ile isiyotumiwa na lugha yako. Wanaesperanto waligundua hilo zamani: lugha yao haina x, basi pasipokuwa na ĉ wanaandika cx na kila mtu anaelewa. Wavietnamu wana mpango unaoitwa Telex, ambamo herufi kama s na f zikija mwishoni zinageuka alama za toni, na mamilioni ya watu wanachapa hivyo kila siku bila kufikiri. Sisi tunazo x na q zimekaa bure barazani. Zipewe jembe.

Halafu anaingia Felix.

Wamisionari Wakatoliki waliweka kituo Kashozi mwaka 1892, na tangu hapo Kagera imebatizwa kwa kalenda nzima ya Roma. Skripti yako haijui ubatizo. Felix anakuwa Felí, Alex anakuwa Alé, na Maximilian, maskini, anaondoka akiitwa Máimilian. Xavier peke yake anapona, maana x yake iko mbele na haina irabu ya kuing'ata. Taxi inakuwa tái, na Excel, iliyokuwa tayari inakunyima raha, inakuwa Écel.

Dawa ipo. Sheria mbili zikigongana, AutoHotkey hufuata iliyo juu zaidi kwenye faili. Basi watakatifu wanatangulia:

:*C:Felix::Felix

Ile C inasema jali herufi kubwa, ili Felix mwenye F kubwa aachwe na neno la kawaida liendelee kupata alama yake. Unawapanga juu Felix, Alex, Max na wenzao, chini yao zinafuata irabu. Ni faili la kompyuta pekee ninalolijua ambalo linaanza kwa litania.

Jambo dogo lenye kuumiza: kama unatumia toleo la kwanza, hifadhi faili kwa UTF-8 yenye BOM. Ukipuuza, badala ya á utaona Ã¡, na mteja atadhani umemtukana. Toleo la pili limeondoa usumbufu huo, ila mistari mingi ya skripti za zamani inahitaji kurekebishwa ndipo iishi humo.

Kilichoinyima nafasi ya kwanza ni flashi. Unaweza kuigeuza skripti kuwa programu inayojiendesha, ukaiweka kwenye flashi na kwenda nayo steshenari yoyote. Unaichomeka, na kinga ya virusi ya duka inaamka usingizini. Flashi hiyo imepita kwenye kompyuta za nusu ya mji na imebeba wadudu wa kila kabila, lakini kinga inawaacha wote na kukamata kile kilichokuja kuandika Kihaya.

1. Keyman, na sheria ulizoziandika wewe

Marc Durdin alianza Keyman mwaka 1993 kwa ajili ya Kilao, lugha ambayo kompyuta za wakati ule ziliitazama kama ukuta. Mwaka 2015 programu ikahamia shirika la lugha la SIL, na sasa ni ya bure na ya wazi. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Hapo ndipo inapoipita AutoHotkey: mwalimu wa Kamachumu anachapa kwenye laptopu, mjukuu wake wa Muleba mjini anachapa kwenye simu, na vidole vyote viwili vinafuata sheria zilezile.

Sheria zenyewe unaandika kwa programu yake ya watengenezaji, na hazina kiburi:

"a" + "x" > "á"

Kama a imeshaandikwa kisha x ikabonyezwa, toa á. Na huyu hapa mwokozi wa Felix:

"á" + "x" > "ax"

Ukibonyeza x mara ya pili, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Unaandika Felixx, inatoka Felix. Wavietnamu nao hujitoa hivyohivyo kwenye Telex. Isitoshe, kibodi ya Keyman inawashwa na kuzimwa, hivyo ukimaliza methali na kurudi kwenye risiti ya taxi, unaizima na dunia inatulia.

Kuna jambo moja la kukubaliana mapema, tena mkubaliane wote mnaofanya kazi pamoja. Unicode inaruhusu á iwe herufi moja iliyokamilika, au iwe a ya kawaida ikifuatwa na kijiti kinachojibandika juu yake. Kwa macho hazitofautiani kabisa. Kwa kompyuta, programu nyingi zikitafuta moja haziioni nyingine. Kikundi cha watu watano wanaokusanya msamiati, watatu huku na wawili kule, wataapa mbele ya padri kwamba neno limo kwenye orodha, na kompyuta itaapa kwamba halimo. Wote wakisema kweli. Sheria za Keyman zinamaliza ubishi, maana faili moja ndilo linaloamua kwa wote: irabu zitoke zimekamilika, kwa kuwa irabu tano zote zina á na â zake tayari. Kijiti cha kubandika kibakie kwa zile ambazo Unicode haikuzitengenezea umbo moja, kama m ukitaka kuivika kofia.

M yenye kofia inahitaji fonti inayojua kuvalisha, la sivyo kofia inaangukia bega la jirani. Charis SIL, Doulos SIL na Andika zinaweza, na zote ni za bure. Fonti ya mialiko ya harusi yenye maua haiwezi, hata ukiisihi.

Ukimaliza kutengeneza, kifurushi ni faili dogo la kmp. Linatumwa kwa WhatsApp, linafunguliwa kwa Keyman, basi. Kazi ikiwa tayari kuprintiwa, ipeleke steshenari ikiwa PDF yenye fonti ndani yake, wala si Word, kwa sababu kompyuta ya pale haina Charis na itaziba pengo kwa fonti inayoipenda yenyewe.

Dada wa kaunta ataiangalia, atavuta kioo karibu, kisha atauliza:

"Shikamoo mwalimu. Hivi vijiti vya juu ni uchafu wa skana au nivitoe?"

"Marahaba mwanangu. Acha kama vilivyo."

"Na hizi kofia?"

"Hata hizo."

"Haya. Ila bei ni kwa ukurasa, mwalimu, kofia hatuzitozi."